Mkono wa Kengele Tatu

Dalali alikuwa amefika kwenye viti vibovu pale mwanaume mmoja mwenye ovaroli ya kijani iliyopauka alipopiga magoti mbele ya mashine kuukuu ya kamari, akaisogelea mpaka pua yake ikakaribia kugusa chuma.

"Kaka, unaisoma au unaibusu?"

Ukumbi ulijaa watu siku ile. Lilikuwa jumba la starehe lililofungwa baada ya miaka mingi, na kila kilichokuwamo kilipigwa mnada: mapazia mekundu, meza za michezo, hata sahani. Katika kelele zile zote sauti ya mwanamke ilimfikia sawasawa. Aligeuka akaona kwanza viatu bapa vyekundu, halafu gauni la bluu lenye vifungo vya shaba, halafu saa kubwa ya kiume kwenye mkono mwembamba, na mwisho uso uliokuwa ukijizuia kucheka.

"Natafuta namba ya kiwandani," alisema. "Wameiandika kwa herufi za sisimizi."

"Herufi hazina neno. Macho yako ndiyo yenye matatizo. Saba, nne, nne, mbili, tisa."

"Umeisoma ukiwa umesimama huko?"

"Mimi ni mpima macho. Na hiyo sikuhitaji kuisoma, naijua kwa moyo tangu nikiwa na miaka sita."

Kabla hajamuuliza zaidi, dalali akaifikia mashine. Mkono wa ovaroli ukapanda, mkono wa gauni ukapanda. Watu wakageuka kuwatazama hawa wawili wanaogombania sanduku la chuma lililoota kutu. Bei ilikwenda hivyo hivyo mpaka mkono wenye saa ya kiume ukashuka, mkono wa ovaroli ukabaki juu peke yake.

Mpima macho alimfuata hadi nje, kwenye mkokoteni.

"Niuzie."

"Siuzi, dada."

"Hujasikia bei."

"Hata nisikie. Hii haifanyi kazi. Ukiipeleka nyumbani umepeleka gogo."

"Basi itengeneze, halafu uniuzie."

Alimtazama. Alitaka kusema hapana, na mtu wa kawaida angesema hapana. Akasema, "Njoo Jumamosi uione ikiwa wazi. Utabadili mawazo."

Hakubadili yeye wala mwenzake. Wanaume bwana, mtu anashinda mnada asubuhi, mchana keshashindwa.

Huyu mwanaume kazi yake ilikuwa kutengeneza friji, na mtaa mzima ulimwita Fundi Friji. Lakini friji zilikuwa za kumpatia riziki tu. Ugonjwa wake hasa ulikuwa mashine za kamari za zamani, zile zisizotumia umeme: unatumbukiza sarafu, unavuta mkono wa chuma ulio ubavuni, magurudumu matatu yenye picha yanazunguka nyuma ya kioo, na picha zikifanana sarafu zinamwagika. Alizinunua zikiwa maiti. Alizifungua zote, akaloweka vyuma katika mafuta ya taa, akakwangua kutu kwa brashi, akapaka rangi upya. Maishani mwake hakuwahi kucheza kamari hata siku moja.

"Sasa unazipendea nini?" mpima macho alimuuliza Jumamosi ile. Alikaa juu ya kreti la soda katikati ya karakana, gauni amelikusanya magotini lisiguse grisi.

"Mashine iliyonyooka haimjui mtu. Tajiri akivuta, maskini akivuta, kwake sawa. Tatizo ni watu. Karibu kila mashine ninayofungua nakuta mtu ameichezea ndani. Kapachika kijiti au waya, au kipande cha bati, ili ishinde yeye. Mimi kazi yangu ya kwanza ni kutoa wizi." Akaonyesha kopo la maziwa ya unga juu ya rafu. "Wezi wangu wote wamefungwa mle."

Mpima macho alicheka mpaka akashika kreti. Kisha akaiwekea mashine mkono juu.

"Baba yangu ndiye alikuwa fundi wa hii," alisema. "Miaka ishirini na miwili pale ukumbini. Mama alifariki nikiwa mdogo, hivyo kila Jumatatu, siku ukumbi unapofungwa, alikwenda nami kazini. Nilikuwa naivuta hii kwa mikono miwili, maana nguvu sina. Polepole. Na kila nikivuta, picha tatu za kengele. Kila mara! Baba anapiga makofi, anasema, mwanangu una mkono wa kengele."

"Hakuna mkono wa bahati, dada."

"Kwa sababu hujanishika wangu."

Fundi aliinamia bisibisi yake, masikio yakimuwaka.

"Sasa hivi Mzee anasahau," aliendelea, na utani ulikuwa umemtoka. "Mimi ananiita dada. Juzi aliniita muuguzi, akanishukuru kwa kumhudumia. Lakini ukimuuliza ana mtoto, uso wake wote unafunguka. Anakwambia ninaye, ana mkono wa kengele tatu, atakuja sasa hivi. Nataka nivute mbele yake, Fundi. Ajue kwamba nimeshakuja. Mara moja tu inanitosha."

"Sikuuzii," Fundi alisema.

"Mbona una roho mbaya?"

"Nitakupa."

Mapenzi ni kikohozi, na haya yalianza kukohoa mapema. Kila Jumamosi mpima macho alikuja na chakula kwenye kibebeo, akakaa juu ya kreti lake, akasugua vyuma vidogo kwa mswaki wa zamani huku akimtania. Jumatano moja alimvuta Fundi kwa mkono hadi kliniki, akamkalisha gizani mbele ya ubao wenye herufi.

"Soma mstari wa tatu."

"Sioni kitu."

"Wa pili je?"

"Naona kitu kimoja tu, na kimevaa koti jeupe."

"Fundi, niko kazini."

"Umeniuliza naona nini, nimejibu."

Akamwekea lenzi hii, akatoa, akaweka nyingine, pumzi zao zikikutana kati ya vioo. Akamwambia miwani itakuwa tayari baada ya wiki mbili, na kwamba amebahatika kufika umri ule bila kugongwa na gari. Ilipokuwa tayari hakumpa. Aliitia kwenye mkoba, akapanga kumvisha siku mashine itakapoingia nyumbani, ili jambo la kwanza atakaloliona liwe furaha yake. Vitu vidogo kama hivi ndivyo huja kumuumiza mtu baadaye.

Simu nazo zilikuwa hazikauki.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo wewe. Umekula nini?"

"Sauti yako."

"Haishibishi hiyo. Nenda kale, mpenzi."

Wiki ya saba Fundi alifika nyuma ya gurudumu la tatu. Pale alikuta kipande cha kijiko cha chai. Kilikatwa kwa ustadi, kikapigwa tupa pembeni, kikafungwa kwa skrubu mbili ndogo zilizofichwa. Alikisogeza karibu na macho yake mabovu, akaona kimejaa mikwaruzo. Kazi yake aliielewa mara moja. Ukivuta mkono kwa nguvu, kama wachezaji wavutavyo kwa pupa, kijiko hakigusi kitu. Ukivuta polepole kinainuka, kinayashika magurudumu yote matatu kwenye kengele.

Alikaa chini juu ya kreti la mpenzi wake. Kwa hiyo Mzee alikuwa mwizi. Fundi wa ukumbi alijitengenezea mlango wa nyuma, na siku ya kufunga, jumba likiwa tupu, alimleta binti yake mdogo avute sarafu za watu kwa mikono yake miwili, huku akimdanganya kwamba ana bahati. Ndivyo Fundi alivyoona, na kwa mtu aliyetoa wizi ndani ya mashine thelathini, hakuwa na njia nyingine ya kuona.

Simu ikalia.

"Mbona leo kimya? Umekuta ubovu?"

Alikitazama kijiko kiganjani. Angeweza kusema. Maneno yalimfika mdomoni.

"Hapana," alisema. "Nimechoka tu."

"Pumzika basi, kipenzi. Jumapili tunaileta nyumbani. Shangazi keshaanza kupiga pasi koti la Mzee."

Akafungua skrubu mbili, akakitupa kijiko ndani ya kopo la maziwa pamoja na wezi wengine, akafunga kifuniko. Aliamini anamsitiri mwanamke anayempenda. Na zile kengele tatu? Alijiambia Mzee akiiona tu mashine inang'aa vile, akausikia mlio wake, itatosha. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, wahenga walikwisha sema, na Fundi hakuuliza.

Jumapili alasiri sebule ilikuwa imefagiliwa na mapazia yamefunguliwa. Mzee alikaa kwenye kiti cha mkono, amevalishwa koti lake la kazi la kijivu lenye mfuko wa bisibisi kifuani, amenyolewa ndevu. Shangazi, dada yake Mzee aliyeshinda naye binti akiwa kazini, alisimama nyuma ya kiti akimrekebisha kola. Mpima macho alivaa gauni lile lile la bluu.

Mashine ilipofunuliwa Mzee aliinuka mwenyewe. Akaizunguka. Akapapasa ubavu wake.

"Hii naijua," alisema. "Hii ni yangu."

"Ndiyo, baba." Mpima macho alisogea mbele ya mashine. "Nitazame. Tazama nani anavuta."

Akatumbukiza sarafu. Akashika mkono wa chuma kwa mikono miwili, kama zamani, akavuta polepole. Magurudumu yakazunguka, yakasimama moja baada ya jingine. Kengele. Kengele. Ndimu.

"Bado," alisema akicheka kidogo. "Nimevuta vibaya."

Ndimu, kengele, tofaa. Akavuta tena. Ndimu. Ndimu. Kengele. Mara ya nne, ya tano, ya sita. Shangazi aliacha kurekebisha kola. Fundi alitazama sakafu.

Mara ya tisa Mzee alimwekea binti yake mkono begani, kwa huruma, kama unavyomfariji mtoto wa jirani.

"Usijali, binti," alisema. "Si kosa lako. Mwanangu akija atakuonyesha. Yeye ndiye ana mkono."

Akavuta kiti chake hadi dirishani, akakaa, akaanza kumsubiri.

Mpima macho alimgeukia Fundi. Hakupaza sauti.

"Umefanya nini humu ndani?"

"Kulikuwa na kipande cha kijiko. Kilikuwa kinazikamata kengele ukivuta polepole."

"Kiko wapi?"

"Nilikitoa. Mpenzi, nisikilize. Sikutaka ujue. Nilitaka umkumbuke baba yako vizuri. Sikutaka ujue kwamba alikuwa anakutumia kuchukua sarafu za watu."

Shangazi alijishika kifua.

"Sarafu zipi?" mpima macho aliuliza.

"Zilizokuwa zinatoka."

"Zile tulikuwa tunazirudisha. Zote, mimi na yeye, tumekaa sakafuni, moja moja kwenye tundu lake. Alikuwa ananiambia tuirudishie mwanangu, isilale na njaa. Halafu anafunga, ananipeleka nyumbani mgongoni." Machozi yalikuwa yakimtiririka lakini hakuyafuta. "Mama amekufa, mtoto hacheki, baba wa watu akakata kijiko chake cha chai ili mtoto acheke Jumatatu. Wewe ukaona wizi."

"Sikujua."

"Ungeniuliza. Mdomo wa kuniita mpenzi ulikuwa nao. Ungeniuliza, Fundi."

"Nipe dakika..."

"Umemwita baba yangu mwizi mbele yake, ndani ya nyumba yake. Toka."

Alitoka. Dirishani Mzee alimpungia mkono kwa adabu, akamwambia kama atakutana na binti yake huko barabarani amhimize, jua linazama.

Siku ya kwanza Fundi alipiga simu mara kumi na moja, haikupokewa. Siku ya pili aliandika ujumbe. Siku ya tatu alikwenda na mkoba wa vifaa, Shangazi akafungua mlango nusu.

"Mwanangu, amesema hayupo. Na mimi nakwambia hayupo, ingawa unaviona viatu vyake vyekundu hapo."

"Shangazi, naomba tu..."

"Usiniombe mimi, nyumba si yangu. Mwache apoe. Akipoa nitakuita mwenyewe." Akafunga mlango taratibu.

Akaendelea kuandika, kila siku. Kila siku mpima macho aliliona jina lake kwenye simu, akafuta bila kufungua. Alikuwa akimpenda bado, na kwa sababu hiyo hiyo hakuthubutu kusoma. Siku ya kumi, asubuhi, alimpelekea Mzee chai kitandani akamkuta hakuamka.

Wiki tatu baada ya mazishi mpima macho alisimama kwenye mlango wa karakana. Gauni lilikuwa jeusi na lilimpwaya. Fundi alikuwa ameinama juu ya friji, akainuka akajigonga kichwa kwenye mlango wake.

"Sikuja kugombana," mwanamke alisema. "Nimeleta kitu chako. Kilikaa kwenye mkoba wangu, kila nikitafuta funguo nakigusa. Nimechoka kukigusa."

Akampa miwani. Fundi aliivaa. Kwa mara ya kwanza aliuona uso ule bila ukungu, mistari miwili mipya kando ya mdomo, macho yaliyovimba.

"Pole sana," alisema. "Kwa Mzee. Kwa yote."

"Asante."

"Na mimi nina kitu chako."

Akashusha kopo la maziwa, akalimwaga juu ya benchi: vijiti, waya, vipande vya bati vya wezi thelathini. Akachambua kwa kidole, akaokota kipande cha kijiko, akakifuta kwa ovaroli. Kisha akasimama vile vile. Alichokiona wakati ule kuwa mikwaruzo ya tupa kilikuwa maandishi madogo, yaliyochorwa kwa ncha ya msumari na mkono wenye subira. Akayasoma kwa sauti.

"Ya mwanangu. Isiguswe."

Mpima macho alimpokonya. Akasoma. Alikisogeza kifuani, akakaa juu ya kreti lake la zamani. Halafu akainua kichwa.

"Nilidhani ulikitupa."

"Huwa situpi."

"Kilikuwa hapa? Zile siku tisa kabla baba hajafa?"

"Kilikuwa hapo kwenye rafu."

"Ulikuwa unaniandikia nini, Fundi?"

Angeweza kumdanganya, na ingekuwa huruma. Lakini alikwisha kumdanganya mara moja kwa huruma.

"Kwamba kipo. Kwamba nipe dakika kumi na mashine, nikirudishe."

Mwanamke aliziba mdomo kwa mkono wenye saa ya baba yake. Kilio kilichomtoka hakikuwa cha wiki zile tatu, kilikuwa kipya. Fundi alipiga magoti mbele yake, safari hii si mbele ya mashine, akamshika, naye hakumsukuma. Walilia pamoja katikati ya friji mbovu.

"Twende ukakirudishe," alisema hatimaye.

Dakika kumi zilitosha kweli. Sebuleni kiti cha Mzee kilikuwa bado dirishani, hakuna aliyekuwa na moyo wa kukisogeza. Fundi alikaza skrubu ya pili, akafunga mgongo wa mashine, akasogea pembeni. Mpima macho alitumbukiza sarafu, akashika mkono wa chuma kwa mikono miwili, akavuta polepole.

Kengele. Kengele. Kengele. Sarafu zikamwagika kwenye sinia kwa kelele, na bila kutaka mwanamke yule aligeuka haraka kutazama dirishani. Kiti kilikuwa kitupu.

"Naomba nibaki," Fundi alisema nyuma yake. "Si leo tu. Nikuoe, nikuuguze, unitukane ukitaka. Nakupenda, na hilo sikulitoa."

"Najua." Alimgeukia, akainyoosha miwani yake puani. Hakika hakuna aliyewahi kumgusa kwa upole ule. "Nimekusamehe. Nataka ulisikie hilo vizuri, nisirudie. Ulikosea kwa kunipenda. Lakini nikikuona naziona siku tisa. Na zile si zako, ni zangu. Wewe ulikosea, ukataka kurekebisha, mimi nikafuta bila kusoma. Nikilala nawe, nitaamka nazo."

"Zitapungua."

"Labda. Lakini siwezi kukuweka mtu mzima ukisubiri dirishani. Nimeona inavyokuwa."

Akambusu kwenye paji la uso, akachukua mkoba wake wa vifaa, akatoka. Shangazi, aliyekuwa kwenye ngazi akijifanya anafagia, alimpisha bila utani wowote.

Alikuwa ameshuka ngazi kumi aliposikia nyuma ya mlango mkono wa chuma ukivutwa polepole, na kengele tatu, na sarafu. Akasimama. Kisha ikaja sauti nyingine, ndogo, iliyorudiwa kwa kituo. Mpima macho alikuwa amekaa sakafuni anazirudisha ndani, moja moja.